Mchagua jembe si mkulima? Kazi isiyokufaa yaweza kukuletea maradhi

JE, umewahi kuumwa na kichwa kila Jumapili jioni, ilhali Jumamosi ulishinda mzima wa afya? Au tumbo hukusokota mara tu matatu inapokaribia kituo unachoshukia kwenda kazini? Huenda umekwisha kumeza dawa za malaria, ukapimwa homa ya matumbo, ukanunua vidonge vya kutuliza kiungulia, na bado hali ni ile ile. Kabla hujanunua dawa nyingine, jiulize swali moja: Je, ni mwili wangu ulio na kasoro, au ni mahali ninapofanya kazi pasiponifaa?

Swali hili si la uvivu. Wengi wetu tunapotafuta kazi huuliza mambo mawili tu: mshahara ni kiasi gani, na kazi inaanza lini. Mengine tunaona ni anasa. Wazee nao hutukumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima, na kwamba kazi mbaya si mchezo mwema. Maneno hayo yana busara yake, hasa katika nchi ambayo vijana wengi huzunguka miaka na mikaka na bahasha za vyeti. Hata hivyo, mkulima yeyote atakuambia kwamba hata asipochagua jembe, huupima mpini. Mpini usiolingana na mkono huleta malengelenge, na mwenye malengelenge hafiki mwisho wa shamba.

Wiki hii tunaeleza jinsi ya kuupima mpini huo kabla ya kutia sahihi, na la kufanya iwapo ulikwisha kutia sahihi zamani.

Sheria zisizoandikwa

Kila mahali pa kazi pana sheria za aina mbili. Kuna zilizoandikwa, ambazo hupewa mfanyakazi siku ya kwanza. Kisha kuna zisizoandikwa, ambazo huzijui mpaka uzivunje. Iliyoandikwa husema kazi inakwisha saa kumi na moja jioni; isiyoandikwa husema anayeondoka kabla ya mkubwa ni mvivu. Iliyoandikwa husema mlango wa meneja u wazi kwa kila mtu; isiyoandikwa husema aliyeingia mara ya mwisho na malalamiko alihamishwa.

Hizi za pili ndizo desturi halisi za kampuni. Hakuna desturi moja inayomfaa kila mtu. Anayependa kupewa maagizo kamili na kazi isiyobadilika atateseka katika kampuni inayogeuza mipango kila asubuhi. Anayependa kujiamulia atasongwa roho katika ofisi ambayo hata kununua kalamu huhitaji sahihi tatu. Wote wawili hawana kasoro, ila kila mmoja ameketi kwenye kiti cha mwenzake.

Hata hivyo, usichanganye mambo. Kutukanwa, kunyimwa mshahara au kutakwa kimapenzi na msimamizi si "desturi" ambayo mfanyakazi hodari anapaswa kuizoea. Hayo ni makosa.

Linalotendeka mwilini

Mtu akishtuka, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga ndani ya damu kemikali ziitwazo adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga mbio, shinikizo la damu hupanda, sukari huongezeka katika damu na usagaji wa chakula hupungua. Maandalizi haya yanafaa sana unapofukuzwa na mbwa. Mbwa akishakwenda zake, mwili hutulia.

Taabu hutokea pale anayebweka anapokungoja ofisini kila siku. Mwili hukaa katika hali ya tahadhari kwa miezi, na baadaye miaka. Usingizi hupaa. Kinga ya mwili hudhoofika, mafua yakawa hayaishi. Shinikizo la damu hukataa kushuka. Vidonda vya tumbo aghalabu huletwa na vijidudu au dawa za kutuliza maumivu, lakini wasiwasi huweza kuzidisha maumivu yake. Isitoshe, mwenye dhiki kazini hujituliza kwa sigara, pombe na vyakula vya mafuta, na jioni hana nguvu za kutembea hata hadi dukani.

Ushahidi wa jambo hili ni wa miaka mingi. Mwaka wa 1967 madaktari walianza kuwachunguza wafanyakazi wa serikali jijini London, katika utafiti uitwao Whitehall. Wengi walidhani kwamba wakubwa, wenye majukumu mazito, ndio wangekufa kwa maradhi ya moyo. Ikawa kinyume. Wanaume wa vyeo vya chini kabisa, kama vile matarishi na mabawabu, walikufa kwa maradhi hayo kwa kiwango cha zaidi ya mara tatu ya wakubwa wao. Sigara na shinikizo la damu zilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Utafiti wa pili, ulioanza mwaka wa 1985 na kuhusisha wanaume na wanawake 10,308, ulionyesha kwamba wale wasio na usemi juu ya kazi yao walikuwa katika hatari zaidi ya kupata maradhi ya moyo.

Mtaalamu wa Marekani, Robert Karasek, alikuwa amekwisha kueleza jambo kama hilo mwaka wa 1979. Alisema kwamba kazi nyingi peke yake si lazima imwangushe mtu. Kinachomwangusha ni kazi nyingi pamoja na kukosa uhuru wa kuamua ataifanya vipi.

Saa za kazi nazo zina mpaka wake. Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalitangaza mwaka wa 2021 kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma ana hatari ya kupata kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa maradhi ya moyo iliyozidi kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya kazi kati ya saa 35 na 40. Mashirika hayo yalikadiria kwamba watu 745,000 duniani walikufa mwaka wa 2016 kutokana na saa nyingi za kazi.

Mwaka wa 2019, WHO iliingiza katika orodha yake ya maradhi na matatizo ya afya ule uchovu wa kupindukia unaoletwa na kazi. Haikuuita ugonjwa, bali hali inayotokana na dhiki ya kazini isiyodhibitiwa. Ina dalili tatu: kuishiwa na nguvu kabisa, kuichukia kazi au kuidharau, na kuona kwamba huwezi tena kuifanya vizuri. Ukiona zote tatu, tambua kwamba wikendi moja ya kulala haitatosha.

Mambo sita ya kupima

Wataalamu Christina Maslach na Michael Leiter, waliouchunguza uchovu huu kwa miaka mingi, walitaja mambo sita ambayo yasipolingana na mtu humchosha mapema. Yafanye kuwa kipimo chako.

1. Uzito wa kazi. Je, kazi hiyo ni ya mtu mmoja, au ni ya watu watatu waliopunguzwa kazi mwaka uliopita? Uliza kwenye mahojiano: "Aliyekuwa hapa kabla yangu alikwenda wapi?" Akiwa amepandishwa cheo, ni dalili njema. Wakiwa wamepita wanne katika mwaka mmoja, kaa chonjo.

2. Uhuru wa kuamua. Je, utaruhusiwa kupanga kazi yako mwenyewe, au utasimamiwa hadi unapokwenda msalani? Uliza ni maamuzi gani ambayo mtu wa cheo chako anaweza kuyafanya bila kuomba ruhusa.

3. Malipo na shukrani. Mshahara ni muhimu, lakini tarehe ya mshahara ni muhimu vile vile. Mfanyakazi asiyejua kama atalipwa tarehe 30 au tarehe 15 hulala macho akifikiria kodi ya nyumba. Uliza pia iwapo kampuni huwasilisha makato yako ya bima ya afya ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024. Kampuni inayokata na kutowasilisha utaijua siku utakayompeleka mtoto hospitalini.

4. Uhusiano na wenzako. Je, watu husaidiana au kila mmoja hujikunja na chake? Je, makosa husahihishwa faraghani au mtu huaibishwa mbele ya wote, au kwenye kikundi cha WhatsApp cha ofisi?

5. Haki. Nani hupandishwa cheo, na kwa nini? Pale ambapo vyeo hutolewa kwa kujuana, mwenye bidii huugua upesi kuliko mvivu, kwa kuwa ndiye aliyetarajia.

6. Maadili. Je, utatakiwa kusema uongo kwa wateja? Muuzaji anayejua kwamba mkopo anaoutangaza utamfilisi mteja hubeba mzigo ambao mshahara hauutui. Hili ndilo watu husahau kuliuliza, na ndilo hukosesha wengi usingizi.

Si lazima yote sita yawe sawa. Hakuna kazi ya namna hiyo. Jiulize ni yapi mawili usiyoweza kuyavumilia, uyachunguze hayo kwa makini zaidi.

Soko la kazi limebadilika

Wazazi wetu hawakuwa na haja ya maswali haya yote. Mtu aliajiriwa na serikali, reli au benki, akakaa hadi malipo ya uzeeni. Alikuwa na miaka 30 ya kuzizoea tabia za mahali hapo. Katika miaka ya 1990, serikali ilipopunguza wafanyakazi wake chini ya mipango ya kurekebisha uchumi, uhakika huo ulianza kutoweka. Leo wengi huajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja au miwili. Zaidi ya watu wanane kwa kila kumi walio kazini nje ya kilimo kidogo wamo katika sekta ya jua kali. Tangu ugonjwa wa Covid-19 uingie mwaka wa 2020, kuna pia wanaofanyia kazi nyumbani, na simu imekuwa ofisi isiyofungwa usiku.

Maana yake ni kwamba sasa mtu huhama kazi mara nyingi, na kila mara huingia katika nyumba yenye desturi mpya. Kujua kuzisoma desturi hizo upesi kumekuwa sehemu ya kuitunza afya.

Jinsi ya kuchunguza

Kwanza, fika kwenye mahojiano nusu saa mapema, uketi mapokezini na kutazama. Walinzi na wafagiaji wanasalimiwaje? Wafanyakazi wakimwona mkubwa akipita, huendelea na kazi zao au hushtuka na kunyamaza? Watu hucheka? Nusu saa hiyo yaweza kukufundisha mengi kuliko tovuti ya kampuni.

Pili, ukiulizwa kama una swali, usiseme huna. Uliza siku ya kawaida ya kazi huendaje, na mfanyakazi akikosea hufanyiwa nini. Sikiliza jibu, na tazama pia nyuso. Mwajiri mwema hatakasirishwa na swali la adabu.

Tatu, mtafute aliyewahi kufanya kazi hapo. Nairobi, Mombasa au Kisumu, hutakosa mtu wa kanisani, msikitini, chamani au mtaani anayeijua kampuni hiyo. Usitegemee mtu mmoja, kwani aliyefutwa huwa na uchungu wake na aliyepo huwa na hofu yake. Waulize watatu.

Nne, soma barua ya kuajiriwa yote, ikiwezekana ukiwa nyumbani. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila baada ya mwaka mmoja wa kazi. Baada ya miezi miwili ya utumishi mfululizo, inakupa pia likizo ya ugonjwa: angalau siku saba kwa mshahara kamili na saba kwa nusu mshahara. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anapaswa kuwa na taarifa ya maandishi ya kuzuia unyanyasaji wa kimapenzi. Iombe uisome. Kampuni inayoanza kwa kuipuuza sheria haitakukumbuka utakapougua.

Miezi ya majaribio ni yako pia

Watu hudhani kwamba kipindi cha majaribio ni cha mwajiri kumjaribu mfanyakazi. La. Ni cha pande zote mbili. Chini ya sheria hiyo, kipindi hicho hakipaswi kuzidi miezi sita, na hakiongezwi bila kibali chako. Katika muda huo, upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku saba.

Utumie kama ifuatavyo. Nunua daftari dogo. Kila jioni andika mambo manne: ulilala saa ngapi usiku uliopita, uliumwa wapi, ulikunywa nini ili utulie, na kama ungependa kurudi kazini kesho. Usiamue lolote katika mwezi wa kwanza, kwani ugeni peke yake huchosha. Mwishoni mwa mwezi wa tatu, soma daftari lote. Iwapo usingizi umerudi na maumivu yamepungua, ulikuwa ugeni tu. Iwapo kila ukurasa ni mbaya kuliko uliotangulia, mwili umekwisha kukupa jibu.

Kufaa si kufanana

Hapa lazima tutoe onyo. Neno "kufaa" hutumiwa vibaya na baadhi ya waajiri. Mtu huambiwa "hutatufaa hapa" kumbe maana yake ni kwamba si wa kabila fulani, ni mjamzito, ni mlemavu, au ana virusi vya Ukimwi. Sheria ya Ajira inakataza ubaguzi wa aina hizo zote, na kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinatetea usawa wa kila mtu. Ukifanyiwa hivyo, waone maafisa wa leba.

Hali kadhalika, wewe mwenyewe usidhani kwamba mahali pakufaapo ni pale penye watu wa kwenu. Unaweza kuteswa na mtu wa kijiji chako, na ukalelewa vyema na usiyeijua lugha yake. Unachotafuta ni jinsi watu wanavyotendeana.

Na asiye na hiari?

Tunajua kwamba baadhi ya wanaosoma makala haya watasema: "Nina watoto watatu na karo. Nitaachaje kazi?" Hatukuambii uache. Kukaa bila kazi nako huumiza afya, na kuacha kwa hasira ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Lakini kuna hatua ambazo hata asiye na hiari anaweza kuzichukua.

Tenga jambo moja tu linalokuumiza zaidi kati ya yale sita, uliombee mabadiliko. Badala ya kumwambia msimamizi kwamba kazi ni nyingi, mwambie: "Nina kazi hizi tano na siku tatu. Ipi ianze?" Hapo umejipatia usemi kidogo, na usemi, kama tulivyoona, ni kinga.

Tafuta mwenzako mmoja wa kuaminika mle ndani, na mwingine nje asiyehusika. Izime simu ya kazi saa moja kabla ya kulala, mradi kazi yako si ya dharura. Shuka matatu kituo kimoja kabla ya chako, utembee. Chukua likizo yako yote. Weka akiba, hata ikiwa ndogo, kwa kuwa mwenye akiba ya miezi mitatu huweza kusema "hapana" kwa sauti tofauti. Wakati huo huo, endelea kutafuta kazi nyingine polepole, bila kelele.

Tena, usimsingizie bosi kila ugonjwa. Kupungua uzito, kukohoa kusikoisha, kiu ya kila mara au uchovu wa miezi kadhaa huweza kuwa dalili za maradhi mengine. Nenda ukapimwe, na shinikizo la damu lipimwe pia. Ukihisi kifua kinabana au kuuma, ukikosa pumzi, au upande mmoja wa mwili ukifa ganzi, kimbia hospitali mara moja. Fanya vivyo hivyo iwapo umeanza kufikiria kujidhuru. Mfadhaiko ni ugonjwa unaotibika, na kumwona daktari wa akili si aibu wala si wazimu.

Wazee hawakukosea waliposema mchagua jembe si mkulima. Shamba lazima lilimwe. Lakini hata wao, kabla ya mvua kuanza, walikaa chini ya mti na kuuchonga mpini hadi ukakaa mkononi. Nawe, utakapopewa barua ya kazi juma hili au mwaka ujao, omba siku mbili za kuisoma. Huo ndio wakati wa kuchonga.